Nani Aliyeondoa Mirunda?

Mjini Asmara, kwenye nyanda za juu za Eritrea zilizo zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo kidogo cha mafuta ambacho kimeandikwa na kupigwa picha kuliko majengo mengi makubwa ya bara hili. Kinaitwa Fiat Tagliero. Kilikamilika mwaka 1938 kwa usanifu wa mhandisi Mwitalia, Giuseppe Pettazzi, na umbo lake ni la ndege: katikati mnara uliojitokeza mbele mithili ya chumba cha rubani, umezungukwa na madirisha, kushoto na kulia mabawa mawili ya zege, kila moja lina urefu wa mita zipatazo 15. Magari yalisimama kivulini chini ya mabawa hayo yakajazwa petroli. Ndani ya mnara mlikuwa na ofisi, mahali pa kulipia na duka. Ukiyaondoa mabawa, kinachobaki ni kijumba cha biashara cha kawaida kabisa. Lisilo la kawaida ni kwamba chini ya mabawa hayo hakuna hata nguzo moja.

Sisi Watanzania tungekiita sheli, kwa ule utundu wa lugha uliolichukua jina la kampuni moja ya kigeni na kulifanya jina la vituo vyote. Waeritrea nao walifanya ya kwao: katika Kitigrinya gari ni makina, neno walilolitwaa kwa Waitalia na kuliacha liishi muda mrefu baada ya Waitalia kuondoka. Lugha hazioni haya kuweka vitu vya mkoloni mahali panapofaa. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu majengo nayo yana tabia hiyo.

Kila anayeandika juu ya Fiat Tagliero husimulia kisa kilekile. Inasemekana wakuu wa mji hawakuamini kwamba zege lingeweza kujishikilia hewani, wakadai nguzo. Nguzo zikachorwa kwenye ramani, na wakati wa ujenzi mabawa yakasimama juu ya mirunda ya mbao. Ilipofika siku ya kuyaonyesha, Pettazzi akaamuru mirunda iondolewe. Mkandarasi akasita. Mhandisi akachomoa bastola. Wengine husema aliielekeza kwa mkandarasi. Wengine husema alisimama juu ya bawa akaielekeza kichwani mwake mwenyewe, akaapa kwamba bawa likianguka naye hatabaki hai. Mirunda ikaondolewa. Mabawa yakabaki hewani, na yamo hewani hadi leo.

Sina haja ya kubishana kama kisa hiki ni kweli. Visa vya namna hii huota penye jengo lolote la ajabu. Kinachonishughulisha ni jinsi kilivyopangwa. Ndani yake mna mhandisi mwenye ujasiri, mkandarasi mwenye woga na wakuu wa mji wasio na imani, wote Waitalia, wote wakiwa na nafasi ya kusema. Lakini nani aliyeondoa mirunda? Mhandisi alikuwa ameshika bastola, na mkandarasi alikuwa ameishiwa nguvu za miguu. Mirunda huondolewa na watu wenye nyundo waliosimama chini ya zege lenyewe. Bastola moja ilitishia kichwa kimoja. Mabawa mawili ya zege yalikuwa juu ya vichwa vya watu ambao hakuna toleo lolote la kisa hiki linalowapa jina, wala kuwauliza kama nao walikuwa na hofu.

Naamini kwamba hapo ndipo historia ya jengo hili inapotakiwa kuanzia, na kwamba tunaposoma majengo ya karne ya 20 katika miji yetu tumezoea mno kuanzia kwa mwenye kalamu.

Tuiangalie kazi yenyewe. Zege ni hodari wa kubeba mzigo unaolikandamiza, lakini ni dhaifu likivutwa. Bawa lililoshikwa upande mmoja tu hutaka kuinama: sehemu yake ya juu huvutwa, ya chini hukandamizwa. Kwa hiyo nondo lazima zilazwe upande wa juu, zipenye hadi ndani ya mnara na kushikwa humo. Na kwa kuwa mabawa ni mawili, tena yamelingana, uzito wa moja hujibiwa na uzito wa jingine, kama mchukuzi wa mzega anayegawa mzigo wake sawasawa mbele na nyuma ya bega. Hapakuwa na muujiza. Palikuwa na hesabu, na baada ya hesabu palikuwa na mikono: nondo kukatwa, kupindwa na kufungwa kwa waya, moja baada ya nyingine, mchanga na kokoto kupimwa, zege kumiminwa kwa wakati na kushindiliwa lisiache mapango ndani. Nondo zilizokusudiwa kuwa juu zikilazwa chini, hesabu za mhandisi hazina thamani ya karatasi zilizoandikiwa. Kama Pettazzi aliielekeza kweli bastola kichwani mwake, basi aliweka uhai wake rehani kwa kazi ya mafundi. Huo ni ushuhuda mkubwa juu ya mafundi kuliko juu ya bastola.

Mafundi hao walikuwa akina nani? Katika maeneo ya ujenzi ya Asmara ya miaka ile walifanya kazi mafundi wa Kiitalia walioletwa kwa maelfu, na pamoja nao vibarua wa Kieritrea. Hawakulipwa sawa, hawakulala mtaa mmoja, na sheria haikuwaona kuwa watu wa namna moja. Ili kuelewa kwa nini, lazima tujue sheli ya namna hii ilihitajiwa na nani mwaka 1938.

Eritrea ilikuwa koloni la Italia tangu mwaka 1890. Kwa miongo kadhaa Asmara ilikua polepole, ikapata reli kutoka bandari ya Massawa mwaka 1911, ikapata makanisa, msikiti na masoko. Kisha Mussolini akaamua kuivamia Ethiopia. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea, yakiwa na malori, vifaru na ndege, na baadaye yakatumia gesi ya sumu iliyokuwa imepigwa marufuku na mkataba ambao Italia yenyewe ilikuwa imeutia saini. Tarehe 5 Mei 1936 yakaingia Addis Ababa. Mbele ya majeshi hayo walikuwamo maelfu ya askari wa Kieritrea. Waitalia waliwaita ascari, neno lilelile ambalo Wajerumani na Waingereza walilitumia huku kwetu kwa kazi ileile.

Vita hivyo ndivyo vilivyoijenga Asmara tunayoiona. Kila risasi, kila gunia la unga na kila pipa la petroli lililopanda kutoka baharini lilipita hapo. Mwaka 1937 ilikamilika njia ya kamba za chuma yenye urefu wa zaidi ya kilomita 70, ikivuta mizigo hewani kutoka Massawa hadi mlimani. Mwaka 1939 mji ulikuwa na wakazi wapatao 98,000, na zaidi ya nusu yao, kiasi cha 53,000, walikuwa Waitalia. Watu hao walitaka sinema, mabaa, maduka, mabwawa ya kuogelea na, zaidi ya yote, magari. Fiat, kampuni ya Turin iliyoanzishwa mwaka 1899, iliwauzia magari. Sheli yenye umbo la ndege ilikuwa tangazo la biashara, na ilikuwa tangazo la dola pia: katika nchi iliyokuwa imetoka kuona ndege zikimwaga sumu juu ya jirani, si umbo lisilo na hatia.

Mtindo wake una ukoo. Wapo wanaouita ati deko, jina linalotokana na maonyesho ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925, ingawa lenyewe lilienea baadaye sana, katika miaka ya 1960. Wengi zaidi huuita wa kifuturisti, kwa kuufuata ule mkondo wa sanaa ambao mshairi Filippo Tommaso Marinetti aliutangaza mwaka 1909, mkondo ulioabudu kasi, mashine na vita. Marinetti mwenyewe alijitolea kwenda vitani Ethiopia, hali alikuwa na umri wa karibu miaka 60. Wasomi wa usanifu wana mijadala mirefu juu ya mpaka wa mitindo hii miwili. Mijadala hiyo tuwaachie. Kwa mpita njia, mistari ya kulala, pembe zilizoviringwa na ile hamu ya kuonekana unakwenda hata umesimama ni vya familia moja.

Sasa turudi kwa waliosimama chini ya mabawa. Mwaka 1937 utawala wa kifashisti ulitoa sheria iliyomwadhibu Mwitalia aliyeishi kinyumba na mwanamke wa koloni. Mwaka 1938, mwaka uleule wa sheli yetu, mbunifu Vittorio Cafiero alichora mpango wa mji uliozidi kutenganisha mitaa ya Wazungu na ya wenyeji. Wenyeji walisukumwa kaskazini, kwenye mitaa kama Abba Shaul, ambako hapakuwa na umeme wa kutosha wala mifereji ya maji machafu, wala mbunifu mwenye jina. Kibarua aliyechanganya zege la sinema asubuhi hakuwa na ruhusa ya kukaa kwenye viti vyake jioni. Ni mji uliojengwa na watu waliozuiwa kuutumia.

Kila ninapoufundisha mji huu, haikosi mwanafunzi wa kuuliza kwa nini jengo la mafashisti lihifadhiwe, tena kwa fedha za umma, wakati zahanati hazina dawa. Ni swali la haki, na sipendi majibu mepesi yanayosema kwamba uzuri hauna itikadi. Uzuri wa Fiat Tagliero una itikadi, na imeandikwa katika umbo lake. Jibu langu liko kwingine. Kwanza, ukilibomoa humwadhibu Mussolini. Unaondoa kidhibiti cha kesi. Pili, na hili ni zito zaidi, tangu mwaka 1941 jengo hilo lina historia ambayo si ya Waitalia hata kidogo, na ni ndefu mara nyingi kuliko ile miaka mitatu waliyokaa nalo kama watawala.

Waingereza waliingia Asmara tarehe 1 Aprili 1941. Walikuta mji mpya kabisa, wakaanza kuangalia kipi kinabebeka. Njia ya kamba ya Massawa ilifunguliwa ikaondolewa, na mitambo mingi ya bandarini ikang'olewa na kuuzwa. Sheli yenye mabawa haifungashiki, ikabaki. Mwaka 1952 Eritrea iliunganishwa na Ethiopia katika shirikisho. Mwaka 1961 vita vya ukombozi vikaanza. Mwaka 1962 Mfalme Haile Selassie akalivunja shirikisho na kuifanya Eritrea jimbo. Mwaka 1974 wanajeshi wa Derg wakampindua, na Julai 1975 wakataifisha ardhi yote ya mijini pamoja na nyumba za ziada za kupangisha. Vita viliendelea hadi tarehe 24 Mei 1991, siku wapiganaji walipoingia Asmara.

Katika miaka hiyo yote 50 mji haukupigwa mabomu kama ulivyopigwa Massawa, ambao hadi leo una makovu ya mwaka 1990. Wala hapakuwa na mwekezaji wa kuubomoa na kuujenga upya. Nani angejenga ghorofa 15 katika mji wenye amri ya kutotoka usiku? Nyumba zilikuwa za serikali, serikali ilikuwa vitani, na mwenye kiwanja hakuwa na hati ya kukiuza. Tunapowasikia wageni wakisifu jinsi Waeritrea walivyoutunza mji wao, tukubali nusu ya sifa hiyo. Nusu nyingine ni ya ufukara na bunduki. Asmara ilihifadhiwa kwa sababu ilinyimwa nafasi ya kujiharibu.

Lakini ile nusu ya kwanza ni ya kweli, na inahitaji kusemwa kwa heshima. Katika miaka hiyohiyo wenyeji walihamia katika mji waliokuwa wamezuiwa kuutumia. Barabara kuu iliyoitwa kwa jina la Mussolini, kisha la Haile Selassie, leo inaitwa Harnet, yaani ukombozi. Sinema Impero ya mwaka 1937 ilibaki na jina lake la kifalme, lakini viti vyake vikapata watu wengine. Kahawa ya mashine, matembezi ya jioni na mbio za baiskeli, ambazo mwanzoni Waeritrea walizuiwa kushindana na Wazungu, zikawa mambo ya Waeritrea kiasi kwamba hakuna anayewaona wanaiga. Ndiyo ile makina ya Kitigrinya: kitu cha mkoloni kilichopewa mwenyewe mpya bila sherehe.

Baada ya uhuru wa mwaka 1993 majengo marefu yakaanza kuingia mjini, na hapo ndipo uhifadhi ulipogeuka kutoka bahati na kuwa uamuzi. Mradi wa kukarabati urithi wa utamaduni, uliopata fedha za Benki ya Dunia, uliorodhesha majengo, na mwaka 2001 eneo la kihistoria likawekewa mpaka, na ujenzi mpya ndani yake ukazuiwa. Fiat Tagliero liliingia katika daraja la juu la ulinzi, likakarabatiwa mwaka 2003. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya urithi. Julai 2017 UNESCO iliiingiza Asmara katika Orodha ya Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza pa Eritrea kupata hadhi hiyo, kwa jina la mji wa kisasa wa Afrika. Maneno hayo mawili, kisasa na Afrika, ni nadra kukutana katika orodha hiyo, ambamo bara letu hupewa zaidi mbuga na magofu. Hapo nilifurahi bila kinyongo.

Kinyongo kilikuja baadaye, niliposoma pongezi. Karibu zote zilizungumzia kuta. Mji ule ni makao makuu ya nchi ambayo haijafanya uchaguzi wa kitaifa tangu uhuru. Ambayo katiba yake iliidhinishwa mwaka 1997 na haijatumika. Ambayo magazeti yake binafsi yalifungwa Septemba 2001, mwaka uleule wa mpaka wa eneo la kihistoria. Ambayo utumishi wa kitaifa wa miezi 18 umegeuka wa miaka isiyo na hesabu. Mamia ya maelfu ya vijana wake wameikimbia, wengine wakafia jangwani na katika Bahari ya Kati wakielekea, kwa kejeli ya historia, pwani za Italia. Sisemi kwamba UNESCO ilikosea kuuorodhesha mji, mji unastahili. Nasema kwamba jengo linaweza kulindwa vizuri mahali ambapo mtu halindwi, na anayesifu la kwanza bila kulitaja la pili anarudia kosa la wasimulizi wa bastola: anatazama mabawa, hatazami walio chini.

Msomaji atauliza mhadhiri wa Tanzania ana shughuli gani na sheli ya Asmara. Shughuli ni kwamba nusu ya kisa hiki ni chetu. Tembea Mtaa wa India, Dar es Salaam, kwa majumba yaliyobaki ya miaka ya 1930 na ya baadaye kidogo: duka chini, familia juu, kona iliyoviringwa, vibaraza vya zege, na kwenye paji la jengo mwaka au jina la ukoo kwa maandishi ya plasta. Ni ati deko ya wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, ndogo, isiyo na bastola wala mabawa. Mwaka 1971 serikali yetu ilitunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, miaka minne kabla ya Derg, na mengi ya majumba haya yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Familia nyingi ziliondoka nchini. Wapangaji wapya waliingia, kodi zikawa ndogo, ukarabati ukawa mdogo zaidi, na hakuna aliyekuwa na fedha wala sababu ya kubomoa. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kisha soko likafunguliwa, bei ya kiwanja ikapanda hadi jumba la ghorofa mbili likaonekana kuwa ni upotevu wa hewa iliyo juu yake, na ubia na wajenzi binafsi ukaanza.

Kwa hiyo miji miwili iligandishwa na utaifishaji, na yote miwili ikayeyuka soko liliporudi. Tofauti ni kwamba mmoja ulisimama katikati ya kuyeyuka ukajiuliza unataka kubaki na nini. Sisi hatukujiuliza, na sheria zetu hazitulazimishi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulihesabu jengo kuwa kumbukumbu moja kwa moja iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halina kinga mpaka waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali, na kilichowekwa kwa tangazo huweza kuondolewa kwa tangazo. Wakati sheria ilipotungwa, mwaka 1863 ulikuwa umbali wa karne moja, kipimo cha busara. Tatizo ni kwamba tumeuacha mwaka huo umesimama pale pale huku sisi tukisonga mbele. Jumba la mwaka 1938 sasa lina karibu umri uleule ambao watunga sheria wa 1964 waliuona unatosha kuheshimiwa, lakini mbele ya sheria ni kama limejengwa juzi.

Afrika Kusini wana njia iliyo rahisi kuigwa. Kifungu cha 34 cha sheria yao ya urithi ya mwaka 1999 kinakataza kubadili au kubomoa jengo lenye umri wa zaidi ya miaka 60 bila kibali cha mamlaka ya urithi. Hakisemi kila jengo kuukuu ni takatifu. Kinasema tu kwamba kabla ya tingatinga kufika lazima mtu mwenye ujuzi alitazame na kuandika alichokiona, na hesabu ya miaka husogea yenyewe bila kumsubiri waziri. Mtumishi wa halmashauri anayesoma makala haya anajua jinsi kibali cha kubomoa kinavyotolewa sasa, na anajua ni karatasi ipi isiyokuwamo katika jalada hilo.

Siombi Kariakoo igandishwe. Mji wenye watu wengi unahitaji ghorofa, na sitaki familia ziishi chini ya paa linalovuja ili mimi nipate mfano wa kufundishia. Baadhi ya majumba yale hayafai tena. Yaondoke, lakini yaondoke yakiwa yamepimwa, yamechorwa na yameandikwa. Yatakayobaki yawe na kibao kinachosema zaidi ya mwaka na jina la mwenye mali. Kiseme pia lilitwaliwa lini, nani alipanga ndani yake baada ya hapo, na duka la chini liliuza nini. Hili litawaudhi wengine, maana mwaka 1971 bado ni kidonda kwa waliopoteza na bado ni ushindi kwa waliopata chumba cha kuishi mjini kwa mara ya kwanza. Kibao kiseme yote mawili. Mbele ya Fiat Tagliero pia ningependa kisomeke kibao cha namna hiyo, chenye jina la mhandisi, na chini yake sheria ya 1937, na chini yake kiwango cha ujira wa kibarua kwa siku.

Ujira huo unaweza kutafutwa. Halmashauri ya Asmara ilitunza michoro na majalada ya vibali vya miaka ile, na ndiyo yaliyowezesha mji kuandaa maombi yake kwa UNESCO. Nasi tuna Nyaraka za Taifa, na tuna majalada ya vibali vya ujenzi katika halmashauri za Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na Moshi, mengine yakiwa yameanza kuliwa na mchwa. Wanafunzi wa historia, wa sheria na wa usanifu wanaotafuta mada ya tasnifu wasiende mbali. Wachague jumba moja dogo lenye duka chini. Watafute saruji ilitoka meli gani, fundi aliyefunga nondo aliitwa nani, kibarua alilipwa senti ngapi na alilala mtaa gani. Kwa majumba ya miaka ya 1930 watategemea karatasi. Kwa yale ya mwisho wa miaka ya 1950 bado wapo wazee wachache waliobeba zege kichwani wakiwa vijana, na simu yoyote ya mkononi inarekodi sauti.